Ujumbe Uliofika Mkavu

Jumatatu niliandika ubaoni AINA ZA MATINI,
chaki ikanikatikia kwenye N.
Nikawaambia Gredi ya Nne: kesho kila mtu alete
maandishi kutoka nyumbani kwao,
yoyote, mradi kuna mtu aliyatumia kwa kazi.

Jumanne mvua ilitutangulia.
Ilishuka na majabali ya Maragoli, ikapita vishamba vya chai,
ikawakuta watoto katikati ya njia
na karatasi zao kifuani.

Lumadede alibeba mfuko wa mbegu za mahindi,
ule wa plastiki, ndiyo maana ukapona.
*Panda mbegu mbili kila shimo.*
Haya ni maagizo, nikasema, oneni kitenzi kilivyotangulia,
hakina hodi, hakina tafadhali.
Kedogo alikuwa na ratiba ya mazishi ya babu yake;
wino umekimbia, saa ya kuteremsha jeneza
imemwagikia jina la kwaya.
Risiti ya Agufa, ya mbolea, ilikuwa uji.
"Iliandikwa mia tatu hamsini, mwalimu, haki ya Mungu!"
Risiti ya kuapia si risiti, nikamjibu,
darasa likaangua kicheko.
Nikazianika karatasi juu ya dawati langu kama omena.

Kageha akasimama mikono mitupu.
"Na wewe?"
"..."
"Kageha! Na wewe?"
"Mimi nimetumwa."

Nyanya yake hakusoma.
Alimpa maneno alfajiri, jikoni, akamrudisha mara tatu
kama anayepima unga,
na Kageha akayasema njia nzima,
akavuka Edzava akiyasema,
akampita mtu wa maziwa bila kumwamkia
asije akayamwaga.

Akaweka mkono kiunoni. Sauti ikazeeka.

"Mwalimu, mirembe.
Yule kuku wa madoadoa ameanza kutaga.
Deni la madaftari nitalimaliza soko la Ijumaa.
Huyu mtoto sikio la kushoto halisikii,
tangu ile surua.
Sikukwambia mwaka jana, niliona haya.
Mketishe mbele."

Hapo akakohoa, kikohozi kirefu cha moshi wa kuni,
akakimaliza chote,
kisha: "Na wewe, unakula vizuri?"

Alisema *huyu mtoto*
kana kwamba ni mtoto wa jirani.
Alikuwa mtume tu. Alikaa chini.

Mvua ilikuwa bado inagonga mabati.
Agufa, ambaye hashindwi, akauliza:
"Hiyo ni matini ya aina gani?"
Barua, akasema mmoja, kwa sababu ina salamu.
Barua haina tarehe?
Tangazo, basi. La kuku.
Nikaanza kuiandika ubaoni, neno kwa neno,
nikafika kwenye kikohozi, chaki ikasimama.
"Weka nukta tatu," akasema Lumadede.
"Nukta tatu ni mtu amenyamaza," akasema Kedogo,
"nyanya hakunyamaza. Alikohoa."
Sikuwa na jibu. Niliacha nafasi,
upana wa kiganja, na mpaka leo
nikifundisha alama za uakifishaji
nafasi ile naiona.

Kabatini kuna kitabu cha alama.
Hakikuguswa na tone.
*Kageha. Kusikiliza: nne kwa kumi. Hana makini.*
Wino wa buluu, mwandiko wangu mzuri,
kila herufi inasomeka.

Saa tisa tulivuta dawati lake mbele, upande wa dirisha,
nikapiga magoti kuliani kwake.
Mwambie nyanya: mirembe.
Mwambie deni lingoje.
Mwambie nilikosa, na kosa langu nililiandika.
"Rudia."
Akarudia.
"Rudia tena."
Akarudia, na kwenye neno *nilikosa*
akameza mate kidogo,
mahali pale pale nilipomeza mimi.